Nani Anapasua Vyungu vya Lyulilo?

Lyulilo. Jumanne, 1 Agosti 1911

Vyungu vimepasuka tena. Asubuhi hii, motoni, kimoja baada ya kingine. Pa! Pa! Kama bunduki za askari wakifanya kwata. Wanawake wamekaa mchangani, mikono mashavuni. Chungu kilichopasuka hakibadilishwi kwa mpunga, na bila mpunga wa Ipinda watu wa ufuko huu tutakula mihogo na usipa, dagaa wetu wa ziwani, mpaka mvua zirudi.

Mzee Mika akasimama. Yeye ni mzee wa kanisa, na ndiye mkubwa wetu tangu Bwana Mchungaji Mdachi apande milimani kwa safari yake. Akasema maneno yaliyonifanya niache kutafuna ndizi. Akasema atakayegundua sababu ya vyungu kupasuka atapewa unahodha wa mtumbwi mkubwa, ule unaopeleka vyungu Mwaya kubadilishwa kwa mpunga. Nahodha wa sasa macho yamemwishia. Safari iliyopita aliwaingiza wenzake kwenye matete akidhani amefika bandarini.

Nahodha Nsajigwa! Nimelitamka jina hilo mara kadhaa nikiwa peke yangu. Linakaa vizuri mdomoni.

Mimi ni mtu wa Ipinda. Huku nimekuja tu, na kila siku wananikumbusha. Mgeni, shika kamba. Mgeni, sogea. Nahodha haambiwi asogee.

Tatizo ni Zebedayo. Naye anautaka. Zebedayo ana mabega, ana sauti nzuri ya kuimbia kanisani, na ana mbwa. Mimi nina hesabu. Nilisoma shule ya misheni mpaka mwalimu akaishiwa na mambo ya kunifundisha. Au akaishiwa na subira. Alisema moja kati ya hayo.

Tangu mvua zikatike nimekuwa nikichora ukutani kwa mkaa. Moto mzuri, mstari. Moto mbaya, msalaba. Wanawake wamechoma mara kumi na mbili. Mistari sita, misalaba sita. Sababu imo humo. Lazima imo!

Alhamisi, 3 Agosti

Nimeanza na Zebedayo. Si kwa chuki. Lazima mtu aanze mahali.

Nimezunguka nikiuliza ni siku zipi alikuwepo ufukoni wakati wa kuchoma. Nikarudi mbio ukutani. Alikuwepo mara kumi. Misalaba mitano, mistari mitano. Haifai kitu! Hata kwenye ubaya mtu huyu hategemeki.

Nikamjaribu mbwa wake. Mbwa naye ni msafi.

Nikajaribu kengele ya kanisa. Nikajaribu upepo unaoshuka milimani. Nikajaribu meli ya Serikali, kama ilipita siku hiyo au haikupita. Nikajaribu usipa, kama walipatikana. Nikajaribu ugomvi wa wanawake, lakini wanagombana kila siku, kwa hiyo hakuna siku ya kulinganisha. Nikajaribu watoto kulia. Nikajijaribu mimi mwenyewe, kama nilikula ndizi za kuchoma au za kuchemsha. Hakuna kinachosema kitu. Misalaba na mistari imechanganyika kama kuku sokoni.

Zebedayo amepita mlangoni akanikuta natazama ukuta. Akauliza kama ukuta umejibu. Nimemwambia hesabu si mambo ya watu wenye mbwa.

Jumamosi, 5 Agosti

Nimepata!

Kwanza nilijaribu mwezi mpevu. Bure. Kisha nikamjaribu Bibi Angetile, kwa kuchoka tu, kwa sababu alikuwa akipita na mzigo wa majani makavu. Alikuwepo mara tano. Kati ya hizo tano, misalaba minne! Siku saba ambazo hakuwepo, misalaba miwili tu. Nilihesabu upya mpaka mkaa ukanichafua pua.

Kulikuwa na siku moja ambayo hakuna aliyekumbuka kama alikuwepo. Nikamuuliza mwanamke mmoja anayesuuza mtama. Akasema huenda. Nikamuuliza kama huenda ni ndiyo. Akasema niondoke kwenye maji yake. Nimeandika ndiyo.

Hapa moyo ulinisita kidogo. Bibi Angetile ni mjane, mfinyanzi wa siku nyingi, mama yake Veronika. Nilipofika huku na homa, nisiyemjua mtu, ndiye aliyeniletea uji wa ulezi na kukaa nami mpaka nilipotoka jasho. Hakuuliza mimi ni wa nani. Nilitamani ukuta uniambie jina lingine. Nikautazama tena, nikiuomba useme Zebedayo. Ukuta ukakataa.

Basi. Sina ugomvi naye. Ni hesabu.

Jioni nilikwenda kwa Mzee Mika. Alinisikiliza kichwa kimeinama. Akauliza, minne kati ya mitano? Nikasema minne kati ya mitano. Akasema hiyo ni mingi.

Jumapili, 6 Agosti

Baada ya ibada Mzee Mika alizungumza na Bibi Angetile kwa upole, pembeni. Alimwambia apumzike kidogo, asije penye moto mpaka tuone. Bibi aliitikia, ndaga, yaani asante, kama mtu aliyeshukuru kwa kupewa kiti. Akajifunga nguo yake vizuri akaenda zake. Veronika alimfuata. Alipopita mbele yangu hakunitazama. Alitazama mahali ambapo ningekuwa kama ningekuwa mrefu zaidi.

Watu walinishika mkono. Mtu mmoja aliniita mwalimu! Zebedayo alisimama chini ya upenu akimkuna mbwa masikio, uso umemshuka. Siku nzuri sana.

Kuna jambo dogo tu. Mimi nilisema, akiwepo, vinapasuka. Ndivyo nilivyosema, na ukuta ni shahidi wangu. Lakini kabla jua halijazama neno lilikuwa limezunguka nyumba zote na kurudi kwangu likiwa na sura nyingine. Jirani yangu alinipongeza kwa kugundua kwamba anavipasua.

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Lakini alikuwa ameniletea samaki mkononi, mbasa mkubwa, na alikuwa akinisifu. Si vizuri kumkatiza mtu anayesifu.

Jumatano, 9 Agosti

Ushindi! Leo wamechoma bila Bibi Angetile. Vyungu vidogo vya mboga, vimetoka vyote, vyekundu, vizima, vinalia ukivigonga kwa kidole. Hakuna hata ufa. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee Mika alinigusa bega.

Nimekwenda kuutazama mtumbwi mkubwa. Nimekaa nyuma, mahali pa nahodha. Ubao ni mgumu. Nitahitaji kitu cha kukalia.

Nikirudi nilipita karibu na nyumba ya Bibi Angetile. Vyungu vyake vibichi vimepangwa kivulini, havijachomwa, vinakauka kupita kiasi. Mlango umefungwa. Mbele yangu walikuwa wanawake wawili. Walipofika pale waliacha njia, wakapita majini, nguo zikaloa, kisha wakarudi njiani mbele kidogo. Waliendelea na mazungumzo yao bila kukatisha. Kama vile njia imepita huko siku zote.

Jioni, tukila kwa jirani, mzee mmoja alitaja mwafi. Ile dawa ambayo wazee wa zamani walikuwa wakimnywesha mtu ili kujua kama ni mchawi. Akitapika, hana hatia. Asipotapika, ndiyo hivyo. Serikali imepiga marufuku, na kanisa limepiga marufuku. Yule mzee alisema anamjua mtu ng'ambo ya mlima ambaye bado anao.

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

Niliyecheka ni mimi peke yangu.

Ijumaa, 11 Agosti

Sikulala vizuri. Nilifikiri nimwendee Mzee Mika nimweleze tofauti kati ya vinapasuka na anavipasua. Lakini nikimweleza sana ataanza kufikiri, na mtu akianza kufikiri huwezi kujua ataishia wapi. Unahodha bado haujatangazwa.

Sina haja tena. Zebedayo ameniwahi! Amesimama mbele ya wazee akasema hizo hesabu zangu ni bahati tu. Kwamba hata yeye akirusha kokoto tano, nne zinaweza kuangukia upande mmoja, na kokoto si wachawi. Najua kinachomsumbua. Ni mtumbwi. Hajawahi kumjali Bibi Angetile hata siku moja. Ila leo alisema jina lake kwa sauti ya kwaya, na wanawake wawili wakafuta macho.

Wazee wakamwita Mwalimu Ezra, anayefundisha watoto wetu. Ezra ni mtu mwembamba, mpole, tulisoma darasa moja. Alifikiri, akasema bahati inaweza kupimwa. Tulete maharage. Meusi sita kwa mioto mibaya, meupe sita kwa mioto mizuri. Tuyatie katika chungu, tuyatikise, mtu achote matano bila kutazama. Maharage hayamjui Bibi Angetile, wala hayana kisa naye. Kama maharage matupu hayatoi meusi manne karibu kamwe, basi Nsajigwa ameona kitu. Kama yanatoa mara kwa mara, basi Nsajigwa ameona maharage.

Watu walicheka. Nikakubali mbele ya wote. Jumapili baada ya ibada. Meusi manne kwa bahati tupu? Haiwezekani!

Nimerudi nyumbani nikajaribu mwenyewe, ili nijue furaha yangu itakuwa kubwa kiasi gani. Nimechota mara ya kwanza. Meusi manne.

Nimetikisa vizuri zaidi. Mawili. Matatu. Mawili. Matatu. Moja. Sawasawa! Nikaendelea, kwa raha tu. Manne.

Maharage yale nilipewa na binamu yake Zebedayo. Sasa naelewa. Nimeyapika. Yalichelewa hata kuiva.

Jumapili, 13 Agosti

Nimedhulumiwa, ila bado sijajua vizuri ni wapi.

Baada ya ibada watu wote walibaki uwanjani. Hata Bibi Angetile aliletwa. Alikaa mwisho kabisa, kwenye mkeka wake mwenyewe, Veronika nyuma yake kama ukuta. Mzee Mika alikitikisa chungu, na watu wakawa wanakuja kuchota kwa zamu, macho wamefumba. Ezra alikuwa akitaja. Meusi mawili. Meusi matatu. Mawili. Moja. Tulichota mara arobaini. Meusi manne au zaidi yalitoka mara tano.

Nikaruka. Tano tu kati ya arobaini! Mara moja kati ya nane! Nikasema, mnaona?

Na Mzee Mika alikuwa upande wangu, lazima niandike hivyo. Alisema kwa sauti ya taratibu, "Mtu akiniambia mtumbwi huu unazama safari moja kati ya nane, mimi siupandi. Na wanangu siwapandishi."

Watu wakaguna kukubali. Niliuona mtumbwi. Niliona hata kitu cha kukalia.

Ezra akasema ni kweli, mzee, lakini kuacha mtumbwi hakuudhuru mtumbwi. Huyu ni mtu. Kisha akanigeukia, kwa upole wake ule wa darasani, akauliza kama nilimtazama Bibi Angetile peke yake, au nilitazama na mambo mengine kabla yake.

Swali zuri! Nilikuwa nimengoja mtu aniulize juu ya bidii yangu. Nikasimama. Nikasema sikukurupuka. Nikasema mimi si mtu wa kushika jambo la kwanza linalopita. Nilimpima Zebedayo, nikampima na mbwa wake, na kengele, na upepo wa milimani, na meli, na usipa, na ugomvi wa wanawake, na watoto kulia, na ndizi zangu mwenyewe, na mwezi mpevu. Mambo kumi nikayatupa! La kumi na moja ndilo lililokubali.

Nilitazamia makofi.

Ezra aliufunika mdomo kwa mkono. Mzee Mika aliniangalia kama mtu aliyeona kobe juu ya paa.

"Kumi na moja," akasema Ezra. "Haya. Na tuchote kumi na moja."

Akakitikisa chungu. Akawa anachota mwenyewe, na kila akichota anataja. Hii ni ya Zebedayo. Matatu. Hii ni ya mbwa. Mawili. Hii ni ya kengele. Matatu. Upepo, moja. Meli, mawili. Usipa, matatu. Ugomvi, matatu. Watoto, mawili. Shingo za watu zimerefuka. Ndizi za Nsajigwa.

Meusi manne.

"Eee!" Zebedayo akapiga kelele. "Ndizi! Mkamateni ndizi!"

Uwanja mzima ulianguka kwa kicheko. Wazee walicheka. Yule wa mwafi alicheka mpaka akashika mti. Ezra peke yake hakucheka. Alingoja watulie, akasema ukitafuta katika mambo mengi, mojawapo litakukubali tu, hata kama yote hayana hatia. Kwamba tungechukua wanawake kumi na mmoja wa ufuko huu, mmoja mmoja, tukawapima kwa ukuta wa Nsajigwa, mara nyingi tungempata wa kumnywesha.

Alisema wa kumnywesha. Kwa hiyo naye alikuwa amesikia. Kicheko kikaisha mara moja. Nikaona kina mama wakiangalia vidole vyao, na nadhani kila mmoja alikuwa akijihesabu.

Nikasema, lakini bado minne kati ya mitano! Nikasema kwa sauti ndogo.

Hapo Veronika akasimama. Sauti yake haikuwa kubwa. "Mama mnamwita nyie," akasema. "Mnamwita mnapochoma vyungu vikubwa vya maji, kwa sababu mikono yenu haitoshi kuvigeuza. Vidogo mnachoma wenyewe. Na vikubwa vinapasuka. Vilikuwa vinapasuka kabla mama hajazaliwa. Kuna mtu hapa hajui?"

Wanawake wakatazamana. Maana walijua wote. Huo ndio udhalimu wenyewe! Walijua wote, na hakuna aliyeniambia.

Wamesema sikuuliza. Niliuliza watu wengi mambo mengi sana. Hilo tu sikuliuliza.

Bibi Angetile alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani analia. Alikuwa anaokota harage moja jeusi lililoruka likaangukia mkekani kwake. Akamrudishia Ezra kwa mikono miwili.

Jumanne, 15 Agosti

Mzee Mika hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema jana alikwenda yeye mwenyewe kwa Bibi Angetile, akapiga goti, mtu mzima vile, akaomba msamaha kwa kuwa alisikia minne kati ya mitano na hakuuliza zaidi. Akasema leo ni zamu yangu, na niende na udongo.

Udongo wa kufinyangia ni mzito kuliko dhambi. Nimebeba kapu baada ya kapu kutoka mahali unapochimbwa mpaka uani kwake. Veronika alikuwa anaukanyaga kwa miguu na kutoa mawe na hakunikaribisha.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilitaka kueleza kwamba mimi nilisema akiwepo, vinapasuka, wala sikusema anavipasua, na kwamba mtu akitazama vizuri atakuta tofauti kubwa. Nilipofika mbele yake niliyaacha yote. Nikamwamkia. Ugonile, mama. Akaitikia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani Ipinda, kama mpunga wa wazee wangu umetoka vema. Akanipa ndizi. Za kuchoma. Sijui kama alikusudia.

Kisha akanieleza, bila kuulizwa, akiwa anakisugua chungu kwa kokoto laini. Alisema kutokwenda penye moto hakukumuumiza, magoti yake yamechoka na moshi. Hata maneno hayakumuumiza sana. Kilichomuumiza ni kwamba asubuhi watu waliacha kuja kuomba moto. Miaka yote yeye ndiye wa kwanza kuwasha, na asubuhi wanakuja na vigae, mama tugawie kaa. Akawa anawasha, anakaa anangoja. Hakuna anayekuja. Siku ya tatu akaacha kuwasha.

"Nilianza kujiuliza," akasema. "Nilikaa humu ndani nikihesabu vyungu vyangu vyote vilivyowahi kupasuka. Nikasema, labda ni kweli. Labda ni mimi, na sijijui."

Niliiweka ndizi chini. Nimetazama pembeni, ziwani. Sijui kwa nini macho yaliniwasha, upepo ulikuwa ukitoka upande mwingine.

Nikamwambia si yeye. Akasema, ndaga fijo, mwanangu. Akanishukuru! Mimi!

Nilipotoka nilienda kuchota udongo tena ingawa makapu yalikuwa yametimia.

Ijumaa, 18 Agosti

Wamechoma vyungu vikubwa. Bibi Angetile aliitwa, akaja, akasimama mahali pake kwenye moshi akiwa ameshika mti mrefu wa kugeuzia. Vimepasuka vitatu.

Nikafungua mdomo. Mzee Mika akanitazama. Nikaufunga.

Lakini nimeona.

Unahodha amepewa Zebedayo. Mzee Mika alisema hakuna aliyegundua sababu, ila angalau Zebedayo alizuia uongo usiende mbali. Uongo! Ningependa kujua Zebedayo alijali nini zaidi ya mtumbwi. Nimeuliza watu wawili. Wamenijibu kwamba alichojali hakikumwumiza mtu. Ni jibu lisilo na adabu.

Asubuhi nilipita uani kwa Bibi Angetile na kuni. Moshi ulikuwa unatoka. Wanawake watatu walikuwa wamechuchumaa na vigae vyao wakigawiwa makaa, wanacheka jambo fulani, nadhani ni mimi. Lakini mwanamke wa nyumba ya pili hakuja. Nilimwona amesimama mlangoni kwake, na mtoto wake alipotaka kwenda kwa Bibi, alimshika mkono akamrudisha ndani, taratibu, bila kumwangalia mtu. Naye alikuwepo siku ya maharage. Alicheka na wenzake.

Jambo hili limenikaa. Maharage tuliyachota mbele ya kila mtu, na bado lile neno halikutoka lote. Neno nililitia mimi kwa jioni moja tu, na kulitoa wameshindwa mwalimu, mzee wa kanisa na chungu kizima cha maharage. Nimekaa mlangoni mwangu kwa muda mrefu nikilifikiri. Kisha nimechukua maji na kitambaa nikaufuta ukuta. Misalaba, mistari, vyote. Nimeapa. Sitahesabu tena mambo ya watu. Nitatazama tu kama wengine, na kuuliza kabla ya kusema, na kutochukua mawili matatu nikayaita mengi.

Nimejisikia mwepesi sana. Kama mtu aliyetapika.

Jumanne, 22 Agosti

Jambo kubwa limetokea. Naandika upesi kabla halijapoa.

Nimekuwa nikipeleka kuni kwa Bibi Angetile kwa hiari yangu. Jumamosi nilipita mbele ya nyumba, na Veronika akatoka mlangoni. Sikutia maanani. Jana nikapita. Akatoka! Leo nimepita makusudi, bila kuni, nikijifanya nakwenda kwenye mitumbwi. Akatoka tena, na safari hii alikuwa na beseni zima la maji ya kuoshea samaki, na maji yote yakanipata mimi, kuanzia kichwani mpaka miguuni, na magamba.

Akasema hakuniona. Akarudi ndani. Nikamsikia Bibi Angetile akimwuliza kitu, na Veronika akijibu kwamba maji yalikuwa mazito.

Nimerudi nyumbani nikinuka usipa, nikiwaza njia nzima. Nimepita mara tatu. Ametoka mara tatu. Tatu kati ya tatu! Si minne kati ya mitano. Tatu kati ya tatu! Na mara hii sikutazama mambo kumi na moja, nimetazama moja tu. Ezra mwenyewe hana la kusema. Hakuna harage duniani litakaloweza kulieleza jambo hili. Nikipita, anatoka. Moyo wa binti umeonekana waziwazi, na aibu ndiyo inayomfanya ashike beseni.

Nimezianika nguo. Kesho asubuhi nakwenda kwa Mzee Mika kumwomba awe mshenga wangu.